Mrehani Katika Debe la Kizuka

Tulipoachana nanyi, Mjaka mume wangu alikuwa ameanguka mkarafuu, amezikwa, na wa matanga wameshakwenda zao. Nimebaki mie ndani ya nyumba yetu ya Mtambile, nimekaa kizuka, pamoja na mwanangu Mize wa miaka sita ambaye jua likizama haoni.

Basi twende kutokea hapo.

Mtu akiniuliza nilikuwa na huzuni ya namna gani, nitamwambia hivi. Sikulia. Chakula nikitafuna, hakikuwa na ladha wala hakikukosa ladha. Watu wakija kunipa pole nikiitikia, wakiondoka sikumbuki nani alikuja.

Kizuka hatoki mpaka miezi minne na siku kumi ziishe. Hajipambi, hajitii manukato, haonani na mwanamme asiyekuwa maharimu wake. Hayo nyote mnayajua. Kwangu hayakuwa mazito. Ningeambiwa nikae miaka minne, ningekaa.

Kilichonizindua ni wifi yangu Mwanawema, dada yake marehemu.

Alikuja siku moja magharibi akamkuta Mize anapapasa ukuta, anatafuta mlango.

"Mtoto huyu kama kuku," akasema. "Jua likichwa hajui banda liko wapi."

"Dresa wa hospitali ya Chake kasema ni chakula," nikamjibu. "Kasema apate majani mabichi kila siku, macho yatarudi."

"Na anayapata?"

Nikamshika Mize mkono, nikamkalisha mkekani. Ilikuwa miaka ile ya vita, mchele wa ng'ambo haufiki, watu tunakula muhogo mkavu asubuhi na jioni. Kisamvu kilikuwepo, lakini tumbo la Mize lilikikataa, kinamtoka kama kilivyoingia. Na mchicha wa mabondeni kiangazi kilikuwa kimeumaliza.

"Basi mie namchukua kwangu Kengeja," Mwanawema akasema.

"Bado mdogo, wifi."

"Akiwa mkubwa ndiyo ataona?"

Akaondoka. Siku ya pili akarudi na maneno yaliyokwisha pikwa. Kashauriana na ndugu yake mdogo, Ngwali, wamekubaliana. Eda yangu ikikaribia kwisha, atakuja Shehe Soud wakati wa magharibi amtazame mtoto. Akiona, atabaki na mamake. Asipoona, atakwenda Kengeja kwa shangazi yake, na huko ndiko kwao mpaka aolewe.

"Umeridhika?" akaniuliza.

"Nimeridhika."

Hata sauti yangu haikupanda. Alipotoka tu nikatazama mikono yangu, nikaiona imeshika upindo wa nguo ya Mize. Nikaiambia iachie. Haikuachia.

Nikamtumia salamu Ngwali aniletee debe la udongo, nioteshe mchicha humo humo ndani ya ukumbi wa nyuma, maana uani kwetu ni jiwe tupu, na pasipo jiwe pana kuku wa majirani. Salamu zikamfikia Mwanawema kwanza.

"Udongo? Ndani ya nyumba ya kizuka?" Alisimama mlangoni kabisa, kama ameniona nimeshaubeba. "Udongo umemwagwa juu ya ndugu yangu juzi. Ukiingia ndani eda haijesha, unakuja kuchukua mwingine. Unamtaka nani, Mize?"

"Kwetu sijapata kuyasikia hayo."

"Kwenu ni kwenu. Mumeo alikuwa wa kwetu."

Ningeweza kubishana. Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Nikasema hewala, udongo hauingii.

Aliyekuja kuniokoa ni Shardaben, mke wa Muhindi mwenye duka la jirani. Mama yule alikuwa mnene, mcheshi, kila siku analalamikia magoti. Alikuwa akiniletea kibakuli cha dengu, anakaa kwenye mkeka na kuzungumza peke yake, kwani mie sikuwa mtu wa kuzungumza naye.

Siku ile nikamweleza habari ya udongo.

"Basi usitie udongo," akasema.

"Mchicha utaota juu ya nini, Shardaben? Juu ya dua?"

"Juu ya maji. Kaka yangu mpishi wa meli. Kapita kisiwa kimoja mawe matupu, hakuna udongo wa kujaza kikombe. Na wazungu pale wanakula majani kila siku. Wanaotesha kwenye kokoto, chini maji yenye dawa."

"Dawa gani?"

"Hakuuliza. Alikuwa anakaanga mayai."

Nadhani nilicheka. Shardaben aliniambia baadaye kuwa nilicheka, na kwamba Mize alikuja kunitazama mdomoni.

Tukaanza bila ya kujua kitu. Debe la mafuta ya taa tukalikata kwa ubavu likawa kama hori, tukalisugua kwa majivu mpaka harufu ikatoka. Kokoto akaleta Ngwali kutoka pwani ya Kengeja. Dawa tukaitunga wenyewe: samadi ya mbuzi imefungwa kitambaani, inarowekwa nje ya mlango kama majani ya chai, na majivu ya kuni kidogo.

Mwanawema akaja kukagua. Akakiinua kile kitambaa kwa kijiti.

"Huu si udongo?"

"Ni mavi ya mbuzi, wifi."

Akafikiri. "Haya. Mavi si udongo. Lakini majani utayaosha mara tatu. Mtoto wa ndugu yangu halishwi najisi."

Mchicha wa kwanza ulichipua, siku tatu ukasinyaa, ukaungua ncha kama uliopitishwa motoni. Tukayalaumu majivu. Kumbe kokoto zilikuja na chumvi ya bahari na sisi hatukuziosha. Tukaziosha maji saba, naonja kwa ulimi, mpaka ladha ya chumvi ikaniishia.

Wa pili ukaota vizuri, halafu ukaoza. Nilikuwa nimejaza maji mpaka juu, nikidhani nafanya wema. Shardaben akaung'oa mmoja, mizizi imekuwa kamasi.

"Umeuzamisha," akasema. "Na mzizi nao unataka pumzi. Nusu majini, nusu hewani."

Nikatazama ile mizizi muda mrefu. Watu wakija kunipa pole walikuwa wananimiminia maneno mpaka juu, na mie ndani yangu nilikuwa hivyo hivyo. Lakini hayo si ya leo.

Wa tatu tukautilia mbegu kwenye nyuzi za kumbi la nazi, tukaupandikiza kwenye kokoto, maji tukayaacha chini. Debe tukalivika kaniki kuukuu, kwani maji yakipata mwangaza yalikuwa yanaota ukijani na kunuka. Na maji hayo lazima yabadilishwe, yakikaa yanachacha.

Hapo ndipo ilipokuja habari ya mlango.

Kisima kiko bondeni. Mie sitoki, Mize hawezi mtungi. Ngwali akajitolea: akitoka shamba jioni atapitisha maji. Kijana yule alikuwa bado hajaoa, mpole, maneno yake machache. Tukapatana kwa kupitia dada yake. Mlango wa nyuma ulikuwa na komeo juu kwa ndani, Mize halifikii, nami sikumtajia mtu habari zake. Kabla ya kusimama kusali magharibi, mie naliondoa komeo, naingia chumbani kwangu. Ngwali anauweka mtungi kizingitini kwa nje, anakohoa mara moja, anakwenda zake. Mize anausukumia ndani kidogo kidogo. Nikitoa salamu, natoka, nafunga.

Hatukuonana hata siku moja. Nilikuwa nakijua kikohozi chake tu.

"Mke wa ndugu hatupwi," Mwanawema alisema siku moja, anachambua mchele ambao haukuwepo, ni chuya tupu. Sikufahamu kama nimeambiwa kitu.

Mchicha ukashika. Majani mapana, laini, ya kijani kweli. Nikavuna kwa kukata juu na kuacha shina, likachipua tena. Tukatia debe la pili, vitunguu vya majani, na vifuu viwili vya giligilani. Mize akawa anakula mchicha mchana na jioni, na tui pale Shardaben anapotukumbuka na nazi.

"Mama, leo tena?"

"Leo tena."

"Nitakuwa mbuzi."

"Mbuzi anaona usiku. Kula."

Halafu jioni moja nimekaa, taa haijawashwa, jua limeshachwa. Mize yuko upande wa pili wa ukumbi.

"Mama," akasema, "fundo la nguo yako limefunguka."

Nikaweka mkono. Kweli limefunguka.

Nikamwuliza vidole vyangu vingapi. Akanitajia. Nikabadilisha. Akanitajia. Nikakaa chini penye debe. Mtu mwingine angepiga vigelegele. Mie nilichofanya ni kulifunga fundo la nguo, nikalifunga tena.

Kisha nikafanya jambo ambalo mama yeyote wa Pemba angelifanya. Nikamshika mabega.

"Usimwambie mtu, Mize. Si shangazi, si Shardaben, si mtu yeyote. Neema ikitajwa mapema watu huitilia jicho. Unachokiona jua likichwa kibakie moyoni mwako, mpaka nikwambie mimi."

"Hata wewe nisikwambie?"

"Hata mimi usiniambie. Kuta zina masikio."

Mtoto wangu alikuwa msikivu. Nilimlea hivyo.

Si muda mrefu baada ya hapo, nimemaliza kusali magharibi, natoka na taa mkononi. Ukumbi unanukia.

Nikainamisha taa. Katikati ya mchicha kimechomekwa kijiti cha mrehani, kibichi, majani manne juu. Sikukipanda mie.

Nikamtazama Mize. Alikuwa anausukuma mtungi, kichwa chini, hana habari na mtu.

Nikasema moyoni ni Shardaben huyu. Ana mrehani mkubwa mbele ya mlango wake, kila asubuhi anaumwagilia kwa adabu. Atakuwa alipita mchana akanichomekea, kunifurahisha.

Ningeliung'oa pale pale. Mrehani kwetu ni wa bi harusi, unawekwa nyweleni na kitandani. Kizuka na mrehani havikai nyumba moja, hilo halihitaji chuo. Nililijua. Mkono ukanyooka, ukafika kwenye shina, ukarudi.

Nilikuwa sijanusa kitu kizuri tangu Mjaka alipoletwa nyumbani juu ya kitanda. Ni hivyo tu.

Na mrehani katika maji hauna taabu. Siku chache ukatoa mizizi myeupe kama nyuzi za sanda, ukanyanyuka, ukatanuka. Shardaben akija sikumwuliza, naye hakusema. Kila mmoja wetu, kumbe, alidhani ni wa mwenzake.

Ikafika siku ya Shehe.

Mwanawema, aliyekuwa hajaingia ndani kwetu siku nyingi, alitangulia alasiri kuja kufagia uani. Aliingia na ufagio mkononi, akasimama. Pua yake niliiona inafanya kazi.

"Nani anajitia manukato humu?"

"Hakuna mtu, wifi."

Akaifuata harufu mpaka kwenye debe, akaifunua kaniki. Mrehani ulikuwa umefika kiunoni mwa mtoto. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ndugu yangu hajatimiza miezi mitano kaburini," akasema taratibu. "Weye unaotesha mrehani."

"Ni Shardaben aliyeuchomeka."

"Mwite."

Akaitwa. Shardaben akaja na magoti yake, akautazama mti, akanitazama mie. Aliona ninavyomwomba kwa macho, na najua alitaka kunisaidia. Lakini kuna vitu mtu haviweki rehani.

"Bi Khairiya, mie nakupenda," akasema. "Lakini mrehani wangu mie nausalia. Sikati tawi ovyo, na jua likichwa hata jani siligusi. Na wangu shina lake jekundu. Huu shina kijani. Huu wa mtu mwingine."

"Wa nani?" Mwanawema akauliza.

"Mie nilidhani wake mwenyewe."

Mwanawema akaweka ufagio ukutani, akaukalisha vizuri usianguke.

"Basi pana mtu anamletea mrehani," akasema. "Mwanamke haletewi mrehani na mwanamke mwenzake."

Nikairudisha kaniki juu ya debe. Nilikuwa nasikia kama wanamzungumza mtu wa nyumba ya tatu.

Shehe Soud alifika karibu na magharibi, Ngwali nyuma yake. Wakasali uani. Mie niko ndani, nyuma ya pazia la mlango, Mize nimemsimamisha mbele yangu. Nilimsikia Mwanawema anamweleza Shehe, maneno ya chini, neno mrehani likirudi kila mara.

Nikasikia tasbihi ya Shehe inagonga.

"Ya mrehani tutayauliza," akasema. "Nilichoitiwa kwanza ni macho ya mtoto. Mleteni."

"Macho hata akiwa nayo," Mwanawema akasema, "nyumba hii si ya kulelea mtoto wa kike."

"Nimesema mleteni, Mwanawema."

Nikamwinamia Mize sikioni. Giza lilikuwa limeshaingia uani, taa hazijawashwa kwa makusudi. Kilichobaki angani ni wekundu kidogo tu.

"Leo sema," nikamwambia. "Kila unachokiona, kiseme. Usifiche hata kimoja."

"Chote?"

"Chote."

Akatoka. Mie nikabaki nimeshika pazia, nachungulia penye upenyo.

"Mize," Shehe akaanza, "mbele yako pana nini?"

"Pana Shehe Soud. Umekaa juu ya kinu, umeshika tasbihi, kiatu kimoja umekivua."

Watu wakasogea. Nikamsikia Shardaben anashusha pumzi.

"Na huku?"

"Shangazi. Ana ufagio. Kanga yake kaivaa ndani nje."

Mtu akacheka. Mwanawema hakucheka. Lakini nilisikia ufagio unashuka, na sauti yake ilipotoka haikuwa ile ya mwanzo. "Anaona," akasema. "Subhanallah, mtoto wa ndugu yangu anaona." Nadhani alikuwa analia. Mie bado nilikuwa sijaweza.

"Na kule mbali, penye ua?" Shehe akauliza.

"Baba mdogo Ngwali."

"Amekupa mgongo. Umemjuaje?"

"Anavyosimama. Bega moja chini." Mize akatulia, kama anakumbuka nilivyomwambia, asifiche hata kimoja. "Ndivyo alivyosimama siku ile penye mchicha, alipochomeka mrehani. Ilikuwa giza vivi hivi. Mama alikuwa anasali. Mimi nilikuwa kimya kwenye mkeka, yeye kadhani sioni."

Kuku mmoja alijisogeza bandani kwa jirani, tukamsikia wote.

Niliwaza: basi imekwisha. Mtoto kaona, na aliyeleta mrehani kajulikana, na si mimi.

"Ngwali," Shehe akasema. "Umesikia."

Ngwali akageuka. Nikakisikia kikohozi chake kile kile, mara moja. Halafu sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu siku ya mazishi, pole pole, kama mtu anayeweka mtungi chini usimwagike.

"Nimesikia, Shehe. Sikatai kuwa niliingia. Lakini mlango ule una komeo kwa ndani, na mie nilikuwa nje. Mwulizeni Bi Khairiya nani alikuwa akiniondolea, kila magharibi."

Mwanawema akageuka kutazama pazia. Shardaben naye akageuka. Mize akageuka, na macho yake yakaniona vizuri kabisa gizani.

Shehe Soud akainuka juu ya kinu, akavaa kiatu chake, akasogea mpaka nikasikia tasbihi inagonga upande wa pili wa kitambaa.

"Khairiya," akasema. "Komeo alikuwa akiliondoa nani?"

Maji ya debe yalikuwa yanadondoka nyuma yangu. Mrehani unanukia.

"Mimi," nikasema.